VPN ya ofisi imegoma na programu unayotumia ni ya zamani: dalili, sababu na tiba

Malalamiko huwa yaleyale: "Jana ilikuwa inaingia, leo haiingii, na sijagusa kitu." Mara nyingi ni kweli. Laptopu haijaguswa. Kilichobadilika ni lango la VPN upande wa ofisi (kifaa kinachopokea muunganisho wako wa siri kupitia intaneti), au Windows iliyojisasisha usiku, au cheti (kitambulisho cha kidijitali) kilichofika mwisho wa muda wake. Programu ya zamani haina habari na lolote kati ya hayo, na ujumbe inaotoa uliandikwa na mtu ambaye hakuwaza kwamba ingetumika miaka kumi baadaye. Ndiyo maana inasema lango halijibu wakati lango limejibu vizuri tu, ila kwa masharti ambayo programu haiyajui.

Mwongozo huu ni wa wanaoingia mtandao wa kazini kwa programu ambayo haikutoka kwa mtengenezaji wa lango, au ilitoka kwake lakini imeshaachwa. Zinazokutwa sana ni Shrew Soft 2.2.2 ya mwaka 2013, vpnc 0.5.3 ya 2008, Cisco VPN Client 5.0.07 ambayo msaada wake ulikoma Julai 2014, OpenVPN 2.3 na 2.4 zilizobaki kwenye mashine tangu zilipowekwa, na openconnect za kale kwenye Linux. Watu wanazing'ang'ania kwa sababu zinazoeleweka: aliyeacha kazi aliacha faili moja la .pcf (mipangilio ya Cisco VPN Client) likazunguka ofisi nzima, leseni ya programu rasmi haikununuliwa, au programu rasmi haikuwahi kutolewa kwa Linux wanayotumia.

Jua imefia wapi kwanza

Muunganisho wa VPN hupita vituo vilevile kila mara: jina la lango linatafutwa kwenye DNS (daftari la majina na anwani za mtandao), pande mbili zinakubaliana namna ya kusimba, wewe unathibitishwa, adapta ya bandia inawashwa kwenye kompyuta, kisha njia na DNS za ofisi zinawekwa. Kila kituo kina magonjwa yake. Kabla ya kusakinisha upya chochote (na kusakinisha upya ndilo jambo la kwanza ambalo kila mtu hukimbilia, halafu logi zinafutika), tafuta ni kituo gani kilichokwama.

Andika toleo kamili la programu na la mfumo. Washa logi ndefu: kwenye OpenVPN ongeza mstari `verb 4` katika faili la mipangilio, na kwenye Windows, kuanzia 2.4, logi utaikuta katika folda ya OpenVPN\log ndani ya folda yako ya mtumiaji. Kwenye openconnect tumia `-v --timestamp`. Shrew Soft ina programu ndogo ya pembeni, VPN Trace, inayoonyesha mazungumzo ya iked, sehemu yake inayoongea na lango. Jaribu mara moja kwa Wi-Fi ya nyumbani na mara moja kwa hotspoti ya simu, na uweke saa ya kila jaribio. Kisha acha. Kubonyeza Connect mara kumi mfululizo kwa hasira kunaweza kufunga akaunti yako, na ukishafungiwa utakuwa na matatizo mawili, la pili likilificha la kwanza.

Majaribio mawili ya haraka yanaokoa muda mwingi:

`nslookup vpn.example.com`

`Test-NetConnection vpn.example.com -Port 443`

La pili ni la PowerShell, na lina maana tu kwa VPN zinazotumia TCP 443. Kwa OpenVPN ya UDP 1194 au IPsec ya UDP 500 (aina ya VPN inayotumiwa na Shrew Soft, vpnc na Cisco VPN Client) halikuambii kitu. Likikuonyesha False usianze kusaka mchawi kwenye mtandao.

Dalili: inasubiri, kisha inakata bila maelezo

Hii ni nyumbani kwa IPsec. Kwenye Shrew Soft, kichupo cha Connect kinaorodhesha "peer configured", "iskamp proposal configured", "bringing up tunnel ...", halafu kimya, halafu "negotiation timout occurred". Hayo maneno yameandikwa hivyo kwa makosa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo ukitafuta kwenye logi tafuta `timout`, la sivyo hutapata kitu.

Kimya hicho kina sababu tatu tofauti.

Ya kwanza ni njia. IKE, sehemu ya IPsec inayofanya makubaliano, huanza kwa UDP 500, na ikigundua kuna NAT katikati (kifaa kinachobadilisha anwani za walio nyuma yake) huhamia UDP 4500. Intaneti ya simu karibu yote hupita NAT ya mtoa huduma, kwa hiyo NAT Traversal isipowashwa hutaenda popote. Fungua kichupo cha Client, weka NAT Traversal kuwa enable, na kama haitoshi weka force-rfc, poti 4500. Kama kwenye hotspoti inaingia lakini kwenye Wi-Fi ya hoteli haiingii, tatizo ni hiyo Wi-Fi imefunga UDP, na hakuna mpangilio wa programu utakaolifungua.

Ya pili ni poti kukaliwa. Windows ina huduma yake ya "IKE and AuthIP IPsec Keying Modules" ambayo nayo hutaka UDP 500. Angalia:

`netstat -ano -p UDP | findstr ":500 "`

Kama mwenye poti si iked, simamisha huduma hiyo kwa muda na ujaribu tena. Ujumbe "failed to attach to key daemon" ni jambo jingine: maana yake ShrewSoft IKE Daemon haijawaka kabisa. Ifungue kwenye services.msc, iwashe pamoja na ShrewSoft IPSEC Daemon, na uziweke Automatic.

Ya tatu ndiyo ya kawaida zaidi siku hizi, na ndiyo inayopotosha kuliko zote. Lango limesikia ombi lako, likaona unapendekeza mbinu za kale za usimbaji, yaani 3DES, MD5 na Diffie-Hellman (DH) group 2, likalitupa. Baadhi ya malango mapya yameondoa hivyo vitu, si kwamba vimezimwa tu. Kwa malango hayo fundi wa ofisi hawezi kukurudishia hata akikuhurumia. IKEv1 yenyewe ilitangazwa kuwa imepitwa na wakati na RFC 9395, hati ya viwango vya intaneti ya Aprili 2023. vpnc inajua DH group 1, 2 na 5 tu, na kwa hashi haijui kitu zaidi ya MD5 na SHA1. Shrew Soft haijui IKEv2 hata kidogo. Kama lango limehamia IKEv2, hapo ndipo safari ya programu hizo inapoishia. Usipoteze jioni nzima kubadilisha vichupo.

Kutofautisha ya kwanza na ya tatu, kwenye Linux tumia ike-scan, kwa lango la kazini kwako tu na kwa idhini ya wanaolisimamia:

`sudo ike-scan vpn.example.com`

Soma mstari wa mwisho. "1 returned handshake" maana yake lango liko hai na limekubali moja ya mapendekezo. "1 returned notify" maana yake liko hai, limekataa. Zote zikiwa 0, ama njia imefungwa ama lango limepangwa kunyamaza. Zima kwanza programu nyingine ya IKE kwenye mashine hiyo, kwa sababu ike-scan nayo inataka poti 500.

Kama ni DH pekee iliyobadilika na bado lango linakubali IKEv1, fungua kichupo cha Phase 1 na ubadilishe DH Exchange kutoka group 2 kwenda group 14, Cipher iwe aes yenye biti 256, na Hash iwe sha2-256. Badilisha kimoja kwa wakati na ujaribu. Jina la kundi lililokosewa herufi moja nalo huleta kimya hichohicho katika aggressive mode, kwa hiyo linakili, usiliandike kwa kukumbuka.

Na hilo faili la .pcf linalotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: nenosiri la kundi ndani yake, kwenye mstari wa enc_GroupPwd, limefichwa tu, halijasimbwa kwa maana ya kweli. Programu ya cisco-decrypt inayokuja na vpnc hulifungua papo hapo. Lichukulieni kama nenosiri lililobandikwa ukutani.

Dalili: hitilafu ya cheti au ya TLS

Fungua anwani ya lango kwenye kivinjari. Kama kivinjari kinaifungua bila kulalamika lakini programu ya VPN inasema cheti kimekwisha muda, usiwapigie ofisi bado. Programu nyingi za zamani huja na maktaba yao ya usimbaji, OpenSSL, ndani, hazitumii ya mfumo. Mfano unaojulikana ni wa tarehe 30 Septemba 2021, cheti cha mzizi cha DST Root CA X3 kilipofika mwisho. Malango yaliyotumia vyeti vya Let's Encrypt yaliendelea vizuri kwenye vivinjari, lakini programu zenye OpenSSL 1.0.2 ziligoma hata pale mzizi mpya, ISRG Root X1, ulipokuwa umeshawekwa, kwa sababu zilifuata mnyororo wa zamani hadi kwenye cheti kilichokufa na kusimama hapo. Kusasisha orodha ya vyeti ya Windows hakusaidii programu ya namna hiyo. Inahitaji kusasishwa yenyewe.

Jaribio la kukata ubishi ni hili:

`openssl s_client -connect vpn.example.com:443 -servername vpn.example.com -tls1_2`

Ukiona "Verify return code: 0 (ok)" na muunganisho umesimama, lango halina kosa. TLS ni itifaki inayosimba muunganisho; matoleo yake 1.0 na 1.1 yalistaafishwa rasmi na RFC 8996 Machi 2021, na lango lililoyazima litakata programu isiyojua zaidi ya hayo. Logi itaonyesha "alert protocol version" au kitu cha jamii hiyo. Baadhi ya matoleo ya OpenVPN 2.3 yanajua TLS 1.2 lakini hayaitumii mpaka yaambiwe. Ongeza `tls-version-min 1.2` kwenye faili, ni mstari mmoja.

Saa ya kompyuta pia iangaliwe, hasa laptopu za zamani. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, mashine iliyozimwa kabisa huamka ikiwa miaka kadhaa nyuma, na cheti kizuri kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Sahihisha saa; ikirudi nyuma tena kesho, badilisha betri. Kwenye mashine nyingi ni CR2032.

Wanaotumia openconnect na alama ya cheti iliyoandikwa moja kwa moja, yaani `--servercert pin-sha256:...`, watakwama kila lango linapopewa ufunguo mpya. Vyeti vya umma vinafupishwa muda hatua kwa hatua: kuanzia 15 Machi 2026 havizidi siku 200, na 2029 vitakuwa siku 47. Alama iliyoandikwa kwa mkono haiwezi kwenda na mwendo huo. Iondoe na uache cheti kithibitishwe kwa njia ya kawaida. Kama hakithibitiki, waulize watu wa IT wametumia mamlaka gani ya vyeti, wakupe faili la CA, ulitaje kwa `--cafile`.

Kuna upande wa pili, nao huwashtua watu: umesasisha programu, na sasa ndiyo imegoma. OpenVPN 2.6 ya Januari 2023 kwa kawaida huja na OpenSSL 3, ambayo haina subira na mambo ya kale. "ca md too weak" maana yake cheti ulichopewa na CA (mamlaka ya vyeti) ya ofisi kilisainiwa kwa MD5 au SHA1. "digital envelope routines::unsupported" wakati wa kusoma faili la .p12 (lenye cheti na ufunguo wako) maana yake faili lilifungwa kwa RC2-40. La pili linatibika bila dhambi:

`openssl pkcs12 -in zamani.p12 -legacy -nodes -out muda.pem`

`openssl pkcs12 -export -in muda.pem -out mpya.p12`

Kisha futa muda.pem mara moja, kwa sababu ufunguo wako binafsi uko ndani yake wazi. La kwanza linaweza kuzungukwa kwa `tls-cert-profile insecure`, lakini liweke tu kwa siku chache ofisi ikitengeneza vyeti vipya, na mwambie mhusika kwamba umeliweka.

Dalili: nenosiri ni sahihi lakini linakataliwa

Ingia kwenye barua pepe ya kazi kwa nenosiri hilohilo. Likikubali, basi karibu hakika ofisi imewasha uthibitisho wa hatua mbili au imehamishia kuingia kwenye ukurasa wa wavuti kwa SAML. Programu ya zamani ina visanduku viwili tu, jina na nenosiri. Haina mahali pa kuchora ukurasa wa kuingilia, kwa hiyo inapokea kitu isichokielewa na kukuambia AUTH_FAILED au "user authentication error".

Baadhi ya ofisi zimepanga msimbo wa simu uandikwe kwenye kisanduku cha nenosiri, ukifuata nenosiri lenyewe, pengine kwa mkato katikati. Ni mpangilio wa kila ofisi, si kanuni. Uliza kabla ya kubahatisha, kwa sababu kila kubahatisha kunahesabiwa kama jaribio lililoshindwa.

Kwa lango la Cisco lenye SAML, openconnect ilipata `--external-browser` kwenye toleo 9.00 la 2022: inafungua kivinjari chako, unaingia, kisha inaendelea. Chini ya toleo hilo usihangaike. Angalia kwa `openconnect --version`, maana hazina za Linux za miaka ya nyuma bado zinatoa 8.x. Malango ya Fortinet, F5 na Array yaliongezwa kwenye 8.20 ya 2022. GlobalProtect, VPN ya Palo Alto, ilikuwepo tangu 8.00 ya 2019.

Lango la GlobalProtect linaweza pia kukuingiza halafu likakunyima nusu ya mtandao. Logi ya openconnect itakuwa imeonya: "Server asked us to submit HIP report". Hiyo ni taarifa ya hali ya usalama ya kompyuta yako, na kuna hati ya hipreport.sh inayoweza kuitengeneza kupitia `--csd-wrapper`. Hapa msimamo wetu ni mmoja: usitume taarifa ya kubuni. Hati hiyo hueleza kompyuta yenye antivairasi na usimbaji wa diski iwe unavyo au huna, na huko ni kudanganya ukaguzi wa mwajiri, jambo ambalo huwa zito kuliko siku moja ya kukosa VPN. Ndivyo pia kwa kujitambulisha kama AnyConnect kwa `--useragent`. IT wakisema sawa, fanya. Wasiposema, usifanye.

Dalili: adapta haiwaki, au draiva inakataliwa

Cisco VPN Client kwenye Windows 8 na 10 hutoa "Reason 442: Failed to enable Virtual Adapter". Sababu ni jina la adapta lililoandikwa vibaya kwenye rejista wakati wa kusakinisha. Kwenye HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\CVirtA, DisplayName inaanza na "@oem8.inf,%CVirtA_Desc%;" au namba nyingine ya oem. Futa kila kitu hadi nuktamkato, ibaki "Cisco Systems VPN Adapter for 64-bit Windows". Windows 10 ikipandishwa toleo, mara nyingi huing'oa programu nzima. Tiba hii tunaiandika kwa sababu bado inatafutwa, si kwa sababu tunaipendekeza: programu hiyo haijapata kiraka cha usalama kwa zaidi ya miaka kumi.

Shrew Soft ikipotea baada ya sasisho kubwa la Windows, fungua sifa za adapta ya Wi-Fi na uangalie kama "Shrew Soft Lightweight Filter" ipo na imetiwa tiki. Isipokuwepo, sakinisha upya kama msimamizi.

OpenVPN ya zamani huandika "There are no TAP-Windows adapters on this system" au "All TAP-Windows adapters on this system are currently in use". Ya kwanza ni draiva iliyotoweka, ya pili mara nyingi ni programu nyingine ya VPN au dirisha la pili la OpenVPN limeikalia. Toleo 2.5 na kuendelea lina `tapctl create` ya kuongeza adapta. Kwenye 2.3 kuna njia ya mkato kwenye menyu ya Start, "Add a new TAP virtual ethernet adapter".

Windows 11 huja na Memory integrity ndani ya Core isolation, nayo huzuia draiva nyingi za zamani kwa ujumbe "A driver can't load on this device". Utashauriwa uizime. Usiizime. Draiva inafanya kazi kwenye kiini cha mfumo, na kinga hiyo ipo kwa ajili ya draiva zisizoangaliwa na mtu kama hiyo.

Ukiwa umenunua laptopu ya Windows yenye prosesa ya ARM, jua kwamba programu za x86 zinaigizwa lakini draiva haziigizwi. Programu itafunguka, itakuonyesha kila kichupo, na haitaunganisha kamwe. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, viendelezi vya kiini havikubaliki bila kushusha kiwango cha usalama kupitia Recovery. Tunnelblick, programu ya OpenVPN ya Mac, haivihitaji kwa `dev tun`, inavihitaji kwa `dev tap` (hizo ni aina mbili za adapta ya bandia). Kama faili la ofisi lina tap, omba walibadilishe kuwa tun. Simu za Android na iPhone nazo hazikubali tap.

Dalili: imeunganishwa, kijani kabisa, lakini hakuna kinachofunguka

Hapa ndipo masaa ya watu yanapopotelea, kwa sababu kila mtu anaamini rangi ya kijani.

Anza na anwani zinazogongana. Ruta nyingi za nyumbani hugawa 192.168.1.x au 192.168.0.x. Kama seva za ofisi nazo ziko kwenye 192.168.1.0/24, kompyuta itamtafuta 192.168.1.10 sebuleni kwako. Unganisha kwa hotspoti: iPhone hutumia 172.20.10.x, Android nyingi za zamani 192.168.43.x. Ikifanya kazi hapo, umeshapata jibu. Badilisha masafa ya anwani za ruta yako yawe kitu kisicho cha kawaida, kwa mfano 192.168.77.x.

Kisha angalia kama njia ziliwekwa. Kwenye OpenVPN 2.3 tafuta "route addition failed using CreateIpForwardEntry: Access is denied". Toleo hilo linahitaji GUI iendeshwe kwa Run as administrator, na lisipopewa ruhusa litaunganisha bila kuweka njia hata moja, huku likikuonyesha kijani. Toleo la 2.4 lilileta OpenVPN Interactive Service inayofanya kazi hiyo bila ruhusa za msimamizi, hakikisha imewaka.

Faili jipya kwenye programu ya zamani nalo lina dalili zake. "Unrecognized option or missing parameter(s)" ikifuatiwa na `tls-crypt` inamaanisha programu iko chini ya 2.4, ikifuatiwa na `block-outside-dns`, iko chini ya 2.3.9. Kufuta mstari wa tls-crypt ili ujumbe uondoke hakusaidii kitu, seva haitakujibu bila ufunguo huo.

Ukiona "Bad LZO decompression header byte" au "Bad compression stub decompression header byte", pande mbili hazielewani kuhusu kubana data. Upande mmoja una `comp-lzo`, mwingine hauna. Handaki linasimama, pakiti zinafika, zinasomwa vibaya, zinatupwa. Tiba nzuri ni kuondoa ubanaji pande zote mbili.

Kwenye Shrew Soft, soma kichupo cha Network kwenye dirisha la muunganisho. Established ikiwa 0 na Failed inapanda, hatua ya pili ya IPsec ndiyo imekufa ingawa juu imeandikwa "tunnel enabled". Nenda Policy, badilisha Policy Generation Level kutoka auto kwenda unique, ondoa tiki ya "Obtain Topology Automatically or Tunnel All", na uandike mtandao wa ofisi mwenyewe. Unapaswa kufanana kabisa na uliopangwa kwenye lango, hadi barakoa yake.

Kama ping inapita na jina halipiti, ni DNS: `Resolve-DnsName` kwenye Windows, `resolvectl status` kwenye Linux, `scutil --dns` kwenye Mac. Kama jina linapita, ukurasa unaanza kufunguka na kuganda, ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja). Jaribu kupitia handaki:

`ping -f -l 1272 10.0.0.5`

Weka anwani ya seva ya ofisi yako. 1272 na baiti 28 za vichwa vinafanya 1300. Punguza mpaka ipite, kisha uweke MTU hiyo kwenye programu. Shrew huanza na 1380, na kwa OpenVPN ongeza `mssfix 1300`. Kwenye intaneti ya simu hili ni la kawaida.

Dalili: inakatika kwa ratiba

Ikikatika kila saa moja kamili kwenye OpenVPN, ni `reneg-sec`, ambayo kwa kawaida ni sekunde 3600. Funguo zinabadilishwa, programu inatuma tena nenosiri lenye msimbo uliokwisha, inakataliwa. Seva ikiwa na `auth-gen-token` na programu ikiwa 2.4 au zaidi, linaisha. Ikikatika baada ya dakika chache za ukimya, NAT ya mtoa huduma imefuta kumbukumbu ya UDP yako. `keepalive 10 60` upande wa seva inatosha.

Unapohama

Kwa OpenVPN, hamia 2.6 au jipya zaidi. Kwa Cisco, programu rasmi sasa inaitwa Cisco Secure Client, jina lilibadilika na toleo 5 mwaka 2022. Nayo isiachwe kuzeeka, kwa maana Oktoba 2022 CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, liliingiza CVE-2020-3433 na CVE-2020-3153, zote za AnyConnect kwenye Windows, katika orodha ya mianya inayotumiwa kweli na washambuliaji. Kwa IKEv2, Windows na macOS zina zana zao za ndani, na Linux ina strongSwan. Wenye Fortinet wajue kwamba FortiOS 7.6.3 imeondoa SSL VPN ya handaki, kwa hiyo openfortivpn, programu huria ya SSL VPN hiyo, itaacha kuunganisha siku lango litakapopandishwa, bila kosa lolote la kwako; ombeni mipangilio ya IPsec mapema.

Ondoa programu ya zamani kwanza, washa upya mashine, kisha angalia mabaki kwa `Get-NetAdapter -IncludeHidden`. Adapta yenye jina la Shrew, TAP au Cisco iliyobaki ing'oe kwenye Device Manager kabla ya kusakinisha mpya. Kisakinishi kitoke kwenye ukurasa wa lango lenu au kwa mtengenezaji, kamwe kisitoke kwenye tovuti za "matoleo ya zamani".

Ukifika mahali pa kuwaandikia IT, wape hivi: toleo la programu, toleo la mfumo, saa kamili ya jaribio na eneo la saa, mtandao uliotumia, anwani yako ya umma wakati huo, na mistari kama thelathini ya logi kuzunguka hitilafu. Kabla ya kutuma, futa mistari yenye `cookie`, `Authorization` au ufunguo. Logi ya openconnect iliyotolewa kwa `--dump-http-traffic` ina tiketi nzima ya kuingilia, na inafanya kazi mpaka kikao kiishe.